Pikapu Nyeusi Iliyoitwa Nyekundu

Lamduan, muuza mapapai wa mkoa wa Roi Et, alinunua pikapu nyeusi. Mpiga ramli akamwambia rangi hiyo ni nuksi kwa mtu aliyezaliwa Alhamisi kama yeye. Basi akafanya kama wenzake wengi wa pale: akabandika nyuma maandishi makubwa, "Gari hili ni jekundu."

Mumewe, Sawaeng, alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani nuksi inajua kusoma, lakini rangi haioni?"

"Haya, mjuaji, tujaribu!" Lamduan akafoka, akayabandua pale pale.

Wiki nzima aliendesha bila maandishi, akapata pancha moja. Wiki ya pili akayarudisha. Akapata pancha mbili, na ng'ombe wa jirani akaja kujikuna pale pale penye maandishi mpaka taa ya nyuma ikapasuka.

Sawaeng akapiga makofi. "Umeona? Bandua uongo huo, mke wangu!"

"Sibandui ng'o!" Lamduan akamtazama kuanzia kipara hadi kitambi. "Siku ya harusi nilikwambia hakuna mwanamume mzuri kama wewe. Uongo ule nao niliwahi kuubandua?"