Mzee Dazeni na Sakafu ya Saluni

Kama majivuno yangekuwa saruji, Mzee Dazeni angeshajenga ghorofa. Fundi vigae huyu aliidharau kumi kuliko alivyowadharau wateja wake. "Kumi ni namba ya wavivu," alisema, akigusa pingili za vidole kwa dole gumba, tatu kwa kila kidole, kumi na mbili kwa mkono mmoja. "Dazeni inagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita. Kumi yenu je? Mbili na tano tu, yamekwisha!" Basi kila hesabu aliiandika kwa dazeni. Kwake 10 ilikuwa kumi na mbili, na ole wako umbishie.

Binti yake, msusi, alimvumilia kwa kuwa baba ni baba. Miaka na miaka alisukia watu vibarazani, mgongo ukimuuma, hadi akapata chumba cha saluni. Mwenye nyumba alimpa sharti: sakafu iwe tayari Jumamosi, la sivyo chumba anapewa muuza simu aliyekuwa akikivizia.

Jumatatu wakaenda dukani. Vigae alivyovipenda msusi vilikuwa mia moja na sitini, na boksi moja zaidi la vigae hivyo hivyo pembeni.

"Chumba ni mraba, baba. Si upime kwanza kwa tepe?"

"Tepe!" Mzee alicheka kwa dharau mpaka muuzaji akaona aibu kwa niaba yake. "Mia na sitini kwa dazeni ni 114: dazeni ya dazeni moja, dazeni moja, na nne juu. Namba ya mraba kwa dazeni huishia na sifuri, moja, nne au tisa. Hii inaishia na nne. Mraba kamili! Vitajaa ukuta kwa ukuta."

"Boksi hili la mwisho mnaliacha?" aliuliza muuzaji.

"Wauzie wasiojua hesabu."

Loo, kichwa kile! Kanuni ilikuwa kweli, ila mzee aliishika mkia. Kila mraba huishia hivyo, lakini si kila kinachoishia hivyo ni mraba. Mtu mzima, ndevu nyeupe, hakujua hilo.

Akaanzia ukuta wa nyuma, akipiga mluzi. Ijumaa jioni safu kumi na mbili zilikuwa zimejaa, kila moja vigae kumi na tatu. Safu ya mlangoni ikapata vinne. Zilibaki nafasi tisa, saruji tupu, pale pale mteja anapoingilia. Msusi akatoka mbio kwenda dukani. Boksi lilikuwa limeuzwa Jumatatu ile ile.

Asubuhi mwenye nyumba alisimama kizingitini, akatazama chini.

"Inaishia na nne," mzee alimweleza, shingo imenyooka. "Kanuni haina kosa. Vigae ndivyo pungufu."

"Mama, naomba ufunguo," mwenye nyumba alimwambia msusi. Msusi akamkabidhi.

Nje, mzee aliendelea: "Watu hawa hawataielewa dazeni hata—"

"Baba, mbuzi ana miguu minne. Meza nayo ina minne. Kaikamue basi! Umeniua, baba. Umeniua kwa mdomo wako."

Mzee akamnyooshea ndoo ya zana amsaidie kubeba kama kawaida yao. Msusi aliitazama, akavuka barabara peke yake.