Mama Yazan na Galoni la Kijani

Mundhir alikuwa fundi wa rejeta katika mtaa wa gereji wa mji wa Salt, na watu walimjua kwa mambo mawili: mikono yake haikuharibu kitu, na ulimi wake haukumbakiza mtu. Alimsema mteja kwanza, kisha ndipo akafungua boneti. Wateja walinuna wakaondoka, halafu wakarudi, kwa sababu gari alilolishika Mundhir lilipanda mlima. Na Salt huwezi kuukwepa mlima, hasa ukitoka Shuna, kule bondeni ambako joto la Mei huwafanya hata mbuzi wakatae kutembea.

Alhamisi hiyo, jua likiwa limeanza kulegea, gari la Mama Yazan liliingia gereji likivutwa kwa kamba na lori la nyanya.

Mundhir aliweka chini kikombe chake cha chai. Gari lile alilijua tangu enzi za marehemu mumewe, lilipokuwa bado jeupe. Mume alipofariki, Mama Yazan alirithi gari hilo la viti saba na kazi yake: kuwateremsha walimu wanawake Shuna asubuhi na kuwarudisha mchana. Mwaka wa kwanza madereva wenzake walimpigia honi za kejeli. Mwaka wa pili walianza kumpisha kwenye kona.

"Limechemka," alisema akishuka. Mtandio wake ulikuwa na vumbi hadi begani. "Kwenye mpando wa Wadi Shuayb."

"Mshale wa joto ulifika wapi?"

"Mwisho. Ukakaa hukohuko."

"Na wewe ukaendelea kupanda?"

"Nilizima palepale, fundi. Usianze."

Mundhir hakuanza, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Injini ikishachemka kiasi hicho, hedi yake, kile kifuniko kizito cha juu, huweza kupinda, na hedi ya gari lile ilikuwa ghali kuliko gari lenyewe.

"Kama hedi imepinda, mama, hili gari ni la kuuza chuma chakavu. Nakwambia mapema usije ukanililia."

"Jumapili, wiki ya shule ikianza, walimu wangu watakuwa kituoni," alisema. "Nisipotokea, yuko mwenye basi jipya anayewamezea mate tangu mwaka jana. Nikiwapoteza hao, sina kazi nyingine. Basi tazama."

Shukri, fundi umeme wa jirani, alisogea na mbegu zake za tikiti mkononi. Hakuna boneti iliyofunguliwa mtaani pale bila Shukri kuchungulia.

Mundhir akazungusha kifuniko cha rejeta, akatia kidole ndani na kukitoa. Kilitoka na ute wa kahawia unaoning'inia, mzito, usiotaka kukatika.

"Mlenda," Shukri akasema. "Wallahi ni mlenda. Umekosa kitunguu saumu tu."

Mundhir hakucheka. Alikuwa ameona kutu nyingi maishani mwake, na chokaa, na hata panya, lakini rejeta iliyojaa mlenda hakuwahi kuiona kwenye gari la mtu anayejiheshimu.

"Umetia nini humu?"

"Kulanti ya kupozea injini. Ilipungua, nikanunua galoni pale Shuna nikaongezea."

"Ya rangi gani?"

"Kijani."

"Mimi nilikutilia ya waridi. Nani kakwambia ya kijani?"

Mama Yazan alinyoosha mtandio wake. "Zilipangwa pale dukani: nyekundu, buluu, kijani. Muuzaji hakujua lolote. Nikasema kijani ni rangi ya kuba ya Madina, haiwezi kunidhuru."

Shukri alisahau mbegu mdomoni. Mundhir alimtazama mwanamke huyu aliyepanda Wadi Shuayb kila siku ya shule kwa miaka, kwenye mvua na ukungu, asiyewahi kugonga gari la mtu, na hakupata hata tusi la kumpa.

"Mama Yazan," alisema mwishowe, taratibu, "kuba tunaiheshimu. Haituchagulii kulanti. Hizi mbili zina dawa zisizopatana. Ukizichanganya zinaganda, zinaziba vijia vya rejeta, maji hayazunguki, injini inaungua. Umefahamu?"

"Nimefahamu sasa."

Akaingia chini ya gari akafungua koki ya rejeta. Ute ulidondoka kwanza, ukifuatiwa na maji mengi mepesi, ya rangi ya kutu, yaliyotambaa sakafuni kuelekea kwenye mfereji wa maji machafu.

"Fundi," Mama Yazan akaita juu yake. Sauti ilikuwa ndogo mno. "Hayo usiyaache yaende mferejini."

"Kwa nini?"

"Ni Zamzam."

Mundhir alijikuta amelala kifudifudi, ameuziba mfereji kwa viganja vyote viwili na kwa mkono wa shati. Maji yalimfika kwenye viwiko, yakitoka kwenye sakafu iliyokunywa oili na mate ya watu kwa muda wote aliokuwa hapo. "Beseni," alisema. Shukri alibaki kama nguzo. "Shukri, beseni."

Walikinga yaliyobaki. Mundhir akafunga koki, akatoka chini ya gari, na ulimi uliokuwa umefungwa ukafunguka.

"Zamzam kwenye rejeta. Watu wanalilia tone lake wakiwa kitandani, wewe unalitia kwenye bomba la kutu. Kijani cha Madina, maji ya Makka, bado nini? Utaufungia usukani tasbihi? Hukumwogopa Mungu, mama?"

Mama Yazan alimwacha amalize. Alikwenda kwenye gari, akainama, akatoa kifurushi cha nailoni chini ya kiti cha dereva. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, na dumu dogo, tupu.

Shukri alirudi nyuma hatua moja. Ilikuwa sanda.

"Ni yangu," Mama Yazan alisema. "Dada yangu aliniletea na maji yake, ninyunyiziwe siku yangu. Naishi barabarani kuliko nyumbani, kwa hiyo natembea navyo. Leo lilipochemka, Mwalimu Ruba alikuwa amekaa nyuma yangu, na mimba yake imekaribia. Midomo ilikuwa imemkauka, macho yanageuka. Maji ya kunywa yote nilimpa yeye na wenzake. Simu haishiki pale, na waliopita hawakusimama. Nikabaki na dumu hili. Ningelitunza kwa ajili ya maiti na huyu yuko hai?"

Mundhir alitazama viganja vyake vilivyolowa na hakujua avifute wapi.

"Lakini hukuyatia injini ikiwa na moto?" aliuliza. Sasa sauti yake ndiyo iliyokuwa ndogo. Maji baridi kwenye chuma kinachounguza hupasua hedi.

"Marehemu alinifundisha. Nilingoja hadi boneti ikakubali kiganja. Nikayatia kidogokidogo. Likatufikisha penye nyumba na kivuli, likazima. Ruba yuko hospitali, wanasema hajambo."

Mundhir aliisafisha ile rejeta kwa mpira wa maji hadi mlenda ukaisha, akajaza maji safi, akaacha kifuniko wazi, akawasha. Hapo ndipo hukumu inapotoka: hedi ikiwa imepinda, moshi wa injini huingia kwenye maji na mapovu huchemka mdomoni mwa rejeta bila kukoma. Waliinama wote watatu. Povu moja likapanda. Mama Yazan alishika ukingo wa boneti. La pili likapanda, hewa iliyokuwa imenaswa. Halafu uso wa maji ukatulia, ukawa unatetemeka tu na mlio wa injini, ukionyesha taa ya dari.

"Hedi nzima," Mundhir akasema, kana kwamba alikuwa akimsimulia mtu mwingine.

Alitoa makopo mawili ya kulanti kwenye rafu, yote ya waridi, akayaweka mbele ya Mama Yazan. "Chagua."

Mama Yazan alinyoosha mkono, akasita. Akayageuza yote mawili. Akaomba kitabu cha gari kwenye droo, akavaa miwani, akalinganisha alama kwa kidole.

"Hili. Hilo jingine rangi yake ni sawa lakini alama siyo."

"Ndiyo hivyo. Rangi ni pambo la kiwanda tu."

Beseni walilifunika kwa ubao. Kulanti ni sumu, hawakuweza kuyamwaga maji hayo chini ya mti, wala Zamzam hawakuthubutu kuitupa mferejini. Mundhir alisema atachimba shimo mwenyewe kule kwenye mawe, mahali pasipokanyagwa.

"Mama yangu ana dumu la Zamzam nyumbani," aliongeza, akitazama pembeni. "Nitakuletea."

"Mwachie mama yako. Mimi nitakwenda kuyachota mwenyewe, shule zikifungwa."

"Makka? Kwa usafiri gani?"

"Kwa gari. Si umesema hedi nzima?"

Mundhir alifungua mdomo. Shukri alisubiri kwa hamu, mbegu mkononi. Lakini fundi aliinua tena boneti aliyokuwa ameshaifunga, akachukua tochi, akaanza kuukagua upya kila mpira wa maji.