Kaseti Iliyovuka Ziwa Ikarudi

Enzi zetu mchezo wa televisheni ulikuwa na uzito. Ukikuangukia mguuni, unaumia. Ulikaa ndani ya kaseti ya plastiki nyeusi, kubwa kama kipande cha sabuni, na kabla ya kuicheza lazima uipulize vumbi mpaka mashavu yaume, ndipo uiingize kwenye mashine taratibu. Hadi leo sijui kama kule kupuliza kulisaidia kitu, lakini nani angethubutu kuacha?

Mashine yetu aliileta mjomba kutoka Uvira, na tangu siku hiyo sebule yetu hapa Rumonge, Burundi, ilijaa watoto ambao mama hakuwazaa. Tulishindana mbio za pikipiki tukiwa tumetoka kula ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, vidole vingali na mafuta ya mawese, na maneti, kile kidude cha kuongozea pikipiki, iliteleza mikononi kama samaki. Baba akipita alisema, "Chezeni tu. Siku ya mutihani mutapanda hiyo pikipiki mufike wapi?" Sisi macho kwenye kona inayofuata.

Mji wetu ni wa mawese. Siku ya kukamua, bidoni, madumu ya mafuta ya nyumba nyingi, hukaa pamoja, zote za njano, zote sura moja. Kwa hiyo kila mama alikuwa na msumari wake. Aliupasha kwenye makaa hadi ukawa mwekundu, akachoma alama ubavuni mwa bidoni, na ubishi ukaishia hapo. Mama yetu alipenda kusema, "Kitu haina alama, ni ya mwenye kuishika." Nikalichukua neno lake lilivyo. Nikapasha msumari, nikachoma jina langu, RAMA, mgongoni mwa kaseti. Ilinuka vibaya, na ile A ya mwisho ikakosa nafasi ikapanda juu ya mwenzake. Mama alipoiona alicheka badala ya kunichapa, jambo lililonishangaza kuliko yote.

Alama hiyo ndiyo iliyonipa moyo wa kuazima watu. Leo kaseti iko kwa jirani, kesho iko Kizuka kwa Lazaro, rafiki yangu wa darasani, ambaye baba yake alikuwa na michikichi mingi na jenereta moja. Ilikuwa kwa Lazaro wiki ile watu walipokimbia vita. Familia yao ilipanda boti Ziwa Tanganyika, ikavuka mpaka kwenda Tanzania, sisi tukabaki. Nilimlilia Lazaro na nikailia kaseti, kilio kimoja, nisijue kipi ni cha nani.

Miaka ikapita, ndevu zikaota. Siku moja mwanamume mrefu alisimama mlangoni kwetu. "Amahoro, Rama," akanisalimu kwa Kirundi, kisha akaendelea kwa Kiswahili kilichonyooka cha Tanzania. Lazaro! Walikuwa wamerudi na wamepata kiwanja Nyanza-Lac. Akatoa mfukoni kaseti iliyoviringishwa kwenye nailoni. Katika kambi ya wakimbizi walikokaa hakukuwa na televisheni wala umeme. Hakuwahi kuicheza hata mara moja. Nikamwuliza kwa nini aliibeba muda wote huo, naye akanishangaa mimi.

"Ina jina lako. Ningeitupaje?"

Sasa sikieni ya leo. Binti yangu Zuhura alinunua kwenye simu mchezo wa kujenga mji. Akajenga bandari, msikiti na soko la samaki. Pembeni akajenga nyumba ya mama yangu, bibi yake, ambaye ameshatutoka, na mpapai mlangoni kama ulivyokuwa. Asubuhi moja nikamsikia analia.

"Papa, muji yangu haiko!"

"Nani ameifuta?"

"Hakuna mutu. Wenyewe wa muchezo tu wameitosha, wameiondoa."

Nikatazama mlango, nikatazama dirisha. Mazoea ya kutafuta mwizi hayaishi.

Tukaenda kwa Selemani, fundi wa simu sokoni. Mimi ni mtu wa kuuliza, nikauliza: si mtoto alinunua?

"Alinunua, Papa Zuhura. Lakini alinunua ruhusa ya kuicheza. Muchezo iko yao. Wamefunga duka, na ruhusa imeisha."

"Na nyumba ya mama?"

"Ilikuwa kwao, nayo."

Nilirudi nyumbani nikilitafuna neno hilo. Ruhusa! Sisi ruhusa tuliomba ya kwenda chooni. Vijana wa leo, ambao wanatucheka tulivyopuliza kaseti, wanatembea na michezo chungu nzima mfukoni na hawawezi kumwazima binamu hata mchezo mmoja mpaka wampe simu nzima. Ningewacheka na mimi, ila macho ya Zuhura yalikuwa yamevimba.

Tena nisiwadanganye, kaseti yangu haikutunza chochote. Umeme ukikatika, mbio zinaanza upya, hata kama ulikuwa wa kwanza. Mji wa Zuhura ulikumbuka kila tofali. Natamani sana kujua kwa nini hakuna aliyetuundia kitu chenye yote mawili.

Selemani alituunganishia mashine kuukuu kwenye televisheni yetu. Nikatoa kaseti kwenye nailoni ya Lazaro, nikapuliza. Kioo kikachezacheza, kisha pikipiki ikatokea, na mimi karibu nipige kelele. Zuhura akacheka kwa mara ya kwanza tangu mji wake upotee. "Papa, hii ni pikipiki ao mbuzi?" Tukacheza hadi chakula kikapoa.

Kisha akaitoa kaseti, akapitisha kidole juu ya herufi zilizoungua. Akaniuliza kama anaweza kumpelekea Furaha, binti wa Lazaro, Nyanza-Lac. Ilishanipotea mara moja, na nilitaka kukataa.

"Itarudi, Papa," akasema. "Iko na jina."

Nikampa. Jumamosi akapanda basi, kaseti ndani ya mkoba kifuani, nami nikabaki kituoni na hofu ileile ya utotoni, na raha yake ileile. Kaseti yangu ilikaa ng'ambo miaka mingi, lakini siku zote nilijua ni nani wa kumsubiri. Mji wa Zuhura, na nyumba ya mama ndani yake, sijui tumsubiri nani.