Aya Niliyoifuta

Nilipostaafu ualimu nilidhani nitapumzika, kumbe sikuwa najua kupumzika. Miaka mingi nilikuwa nimefundisha Kiingereza katika shule ya misheni kule Kaloleni, na tulipohamia Barani, hapa Malindi, mke wangu alipata kuku wake na jumuiya yake ya kanisani, nami nikabaki na kiti barazani. Hakuna aliyekuwa akiniletea chochote cha kusahihisha. Sikumwambia mtu kwamba hilo liliniuma.

Mwaka juzi alinitembelea binti mmoja niliyemfundisha. Darasani alikuwa mwenye maswali mengi na tahajia mbaya, na nilikuwa nimeyamwagia madaftari yake wino mwekundu mwingi. Sasa alikuwa mama wa watoto wawili, amevaa miwani, na begani ana mkoba wa kompyuta. Alinipa shikamoo, akaketi kwenye mkeka ingawa nilimsukumia kiti, akanieleza kilichomleta.

Alikuwa akiiandikia kampuni moja ya ng'ambo yenye tovuti ya kuwaelekeza watu wa Australia wanaotaka kucheza kamari mtandaoni na hawajapata kucheza. Si kamari ya huko kwao, bali ya makasino yaliyosajiliwa kwenye visiwa vya mbali, yanayopokea sarafu za kripto. Kazi yake ilikuwa kuingia katika kasino moja baada ya jingine, kulichunguza, kulitolea alama, na kumwandikia mgeni asiyejua kitu maelezo ya kumtosha. Nilimwuliza kama amepata kufika Australia. Akasema hajapata hata kupanda ndege.

Nilimwambia wazi kwamba kamari siipendi. Akanijibu bila kuudhika.

"Hata mimi sichezi, Mwalimu. Lakini wao watacheza tu. Mimi nawaambia ni wapi watakapoibiwa."

Shida yake ilikuwa lugha. Mhariri wake alikuwa amelalamika mara tatu kwamba Kiingereza chake kinasomeka kama cha mgeni, na ya nne ingekuwa ya mwisho. Aliomba niwe nayapitia maandishi yake kabla hayajaenda. Alitaka kunilipa, nikakataa. Ukweli ni kwamba ningeifanya kazi ile hata kama ningetakiwa kulipa mimi.

Akawa anakuja Jumanne na Ijumaa baada ya adhuhuri. Ananiwekea kompyuta mezani, ananifungulia ukurasa, kisha anakwenda sokoni au anamsaidia mke wangu kukuna nazi huku nikifanya kazi. Akirudi, anauliza kama iko sawa, nasema iko sawa, naye anaituma pale pale akiwa amesimama. Hakuwa akisoma nilichobadilisha. Nilikuwa mwalimu wake.

Leo nikikumbuka jinsi alivyokuwa akichunguza yale makasino, naona kwamba sikupata kumsifu hata mara moja. Kampuni ilimpa akaunti za majaribio na kripto kidogo ya kuchezea, na hati za mfanyakazi wao mmoja aliyeko Australia pale zilipohitajika. Alianza na leseni: imetolewa na nani, na mchezaji akidhulumiwa atamlalamikia nani. Mara nyingi jibu lilikuwa hakuna, maana serikali ya huko haiyaruhusu makasino hayo kuwahudumia watu wake, na kisiwa kilichotoa leseni hakijibu barua. Alisoma masharti ya bonasi hadi mstari wa mwisho, akagundua kwamba zawadi ya kukaribishwa huwezi kuichukua mpaka uwe umeicheza tena na tena mara nyingi. Aliwauliza wahudumu swali lile lile kwa siku tatu tofauti aone kama jibu litakuwa moja. Kisha aliomba kutoa pesa, akahesabu siku. Aliniambia hapo ndipo penye kipimo chenyewe. Kuingiza pesa ni rahisi kila mahali, akasema, tazama wanavyokuachia utoke.

Mimi nilisifu alama za mkato. Nilimsifu siku alipoandika aya tatu nzima bila kukosea wakati wa kitenzi.

Kulikuwa na kasino moja ambalo ukurasa wake ulikuwa mzuri kuliko zote. Lilipata alama nzuri karibu kila mahali, na alikuwa ameliandikia kurasa tatu safi kabisa. Lakini katika sehemu ya kutoa pesa alikuwa ameandika aya moja ndefu, bila nukta, ambayo nitaieleza kwa Kiswahili kama ninavyoikumbuka. Ilisema hivi: nimeomba kutoa nikaambiwa nisubiri, nikatuma kitambulisho, wakataka kingine, nikatuma, wakataka bili ya umeme, na siku zote hizo kipo kitufe pale juu kinachosema rudisha pesa uendelee kucheza, kitufe ni kikubwa na kinang'aa, na ninajua nikikibonyeza nitacheza mpaka ziishe, na wewe mgeni usikibonyeze, nakuomba usikibonyeze, na kama hujiamini usiingie hapa.

Niliisoma mara mbili. Niliona sentensi isiyo na mwisho. Niliona mwandishi anayeanza na nafsi ya kwanza na kumaliza na ya pili, na neno lililorudiwa bila sababu. Nikafikiri habari za mhariri wake na ile mara ya nne. Nikaifuta yote, na mahali pake nikaandika maneno sita ya Kiingereza yenye maana kwamba uhakiki wa hati huenda ukachukua muda kidogo. Nilikaa nikayatazama. Nilifurahi jinsi yalivyokaa.

Aliporudi na kikapu cha samaki aliuliza, "Iko sawa, Mwalimu?"

"Iko sawa."

Akaituma.

Mhariri alimwandikia kumsifu. Alisema sasa anaandika kama mtu aliyezaliwa na lugha ile, na akamwongezea kazi. Binti alimletea mke wangu leso mbili, nami akaniletea shati la mikono mirefu. Nililivaa kanisani Jumapili mbili mfululizo.

Miezi miwili au zaidi ikapita. Kisha siku moja, haikuwa Jumanne wala Ijumaa, alikuja asubuhi akiwa hana mkoba, ameshika simu tu. Hakukaa. Alinisomea barua iliyoingia kwenye anwani ya tovuti ikielekezwa kwa mwandishi wa ule ukurasa.

Aliyeandika alikuwa dereva wa lori katika mji mdogo wa bara huko Australia. Hakuwa amecheza kamari maishani, alisema, na aliuchagua ukurasa ule kwa sababu ulieleza mambo kwa lugha nyepesi. Katika juma la kwanza alishinda, tena pesa za kutosha kumpandisha mama yake ndege aende akamwone dada yake aliyeko upande wa pili wa nchi. Akaomba kuzitoa. Wakamtaka kitambulisho, kisha kingine, kisha bili. Siku ya tisa, amechoka kungoja, alibonyeza kitufe. Zikaisha alizoshinda, na akafuatiliza na zake. Hakututukana. Mwishoni alisema ameusoma ukurasa mara mbili, na kama palikuwa na onyo hakuliona. Kisha aliuliza neno moja: ulijua?

Binti alizima simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilidhani nimeliandika, Mwalimu. Wallahi nilidhani nimeliandika. Nimeutazama ukurasa, halimo. Labda niliandika kichwani tu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Kuku walikuwa wakichakura karibu na miguu yetu. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema, na hakuna aliyenizuia. Nikasema, "Hutokea."

Wala sikuishia hapo. Nilimshauri siku nyingine asome tena kazi yake kabla ya kuituma. Akaitikia kwa kichwa na kunishukuru.

Baadaye nilisikia yaliyofuata kwa vipande. Alimwomba mhariri liongezwe onyo, akajibiwa kwamba ukurasa ule unasomwa sana, kwamba kasino lile hulipa ili liwe juu ya orodha, na kwamba wataliangalia. Halikuongezwa. Alimwandikia dereva kumwomba radhi, kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila kuniletea nikisome. Akamwambia kwamba alijua, na kwamba alisahau kuandika. Alikiri kosa ambalo hakulifanya. Mwezi uliofuata aliiacha kazi ile. Mke wangu ndiye aliyeniambia, maana mimi hakuja kuniaga. Alisema binti amepata kazi Dabaso, kwenye ile njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, anawapokea wageni na kuwaeleza habari za miti na kaa.

Nilikaa na jambo lile karibu mwaka mzima. Nilijiambia kwamba angeacha tu, kwamba kazi ya kamari si kazi ya kudumu, kwamba huenda nimemwokoa. Yote hayo niliyasema kwa ufasaha, moyoni mwangu, na hayakunisaidia. Asubuhi moja tulipokuwa tukichambua mchicha nilimweleza mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta mikono.

"Mimi sina la kukusamehe," akasema. "Nenda kwake."

Nilimkuta Dabaso maji yakiwa yametoka. Alinipa shikamoo ile ile, akaniuliza hali ya mama, akamwomba mwenzake ampokelee wageni, tukatembea juu ya mbao tukiwa wawili. Chini yetu kulikuwa na matope na mizizi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, lakini niliyaacha nikamwambia tu kwamba aliliandika lile onyo, nami ndiye niliyelifuta. Kwamba siku ile alipokuja na simu nilijua, na nikamwacha aamini amesahau.

Alisimama. Familia moja ya wageni ilikuja nyuma yetu, akasogea kando wapite, akawaonyesha kwa kidole mahali pa kugeuka. Walipokwisha kupita alishika kamba ya pembeni.

"Ile aya, ningeliiandika vizuri, usingeliifuta?"

Nilitarajia hasira, na nilikuwa nimejiandaa kuipokea. Swali lile sikuwa nimeliwazia. Nilimwambia kwamba aliiandika vizuri, kwamba katika yote aliyopata kuniletea, hakuna aya iliyokuwa nzuri kama ile. Alitikisa kichwa polepole, kwa adabu, kama anavyofanya mtu anayesikia mzee wake akimfariji. Nilirudia. Sikuona kama aliniamini. Kwa miaka minne ya shule nilikuwa nimemwonyesha kwa wino mwekundu lililo zuri na lililo baya, na sasa nilitaka ayasahau yote kwa dakika tano.

Nilimwomba anwani ya dereva. Tulikaa kwenye banda la wageni, akanipa simu yake, nikaandika mwenyewe. Nilimwambia mtu yule mimi ni nani, niko wapi, na nilifanya nini. Nilimwambia mwandishi aliona hatari na kumwonya kwa nguvu zake zote, na kwamba mimi niliona sentensi mbaya. Nilimwomba radhi. Binti aliisoma barua yangu, akaituma bila kubadilisha neno.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Binti alinitumia, nikalisoma nikiwa nyumbani. Dereva hakusema amesamehe wala hajasamehe, na hakutaja habari za mama yake. Aliuliza jambo moja tu, kama ule ukurasa bado upo.

Nilimpigia binti, tukautafuta pamoja, yeye Dabaso na mimi Barani. Upo. Jina la mwandishi limebadilishwa, tarehe imesogezwa mbele kana kwamba umeandikwa juzi, na kasino lile limepanda likawa la kwanza kwenye orodha ya wanaoanza. Katika sehemu ya kutoa pesa maneno yangu sita yamo kama nilivyoyaweka. Binti ameiandikia kampuni mara mbili, na mimi mara nne. Tulimjibu dereva kwamba upo, na kwamba hatuna uwezo wa kuuondoa.