Karabini Iliyokuwa Ikikwama

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Zamani meza yangu ilikuwa chini kabisa mtaani Rugenge, karibu na maji, lakini ziwa lilipopanda na kuingia vyumbani mwa watu niliihamishia juu, kwenye kibaraza cha nyumba ninayoishi sasa. Kutoka hapo nayaona maji yote asubuhi, meupe, yametulia, na ng'ambo milima ya Burundi imekaa ndani ya ukungu hata huwezi kusema wapi mlima unaisha na wapi wingu linaanza. Mara nyingi nafanya kazi nikiwa nusu ndotoni. Mikono inafungua skrubu, inatoa vumbi la uzi, na mimi niko mbali.

Nilikuwa katika hali hiyo siku ile simu ilipolia. Alikuwa mama mmoja wa Kiringye, kijiji cha uwandani, mjane, ambaye shamba lake limepakana na la baba mkubwa wangu. Tunafahamiana tangu zamani. Huongea polepole, Kiswahili chake kikiwa na Kirundi ndani. Alinisalimia, akauliza habari za watoto, akauliza habari za ziwa, kisha akasema karabini ya baba mkubwa iko nakwama kila siku, na tumbili wamemaliza mistari sita ya mahindi yake. Msimu uliopita ilikuwa hivyo hivyo. Akaniomba niende kuiangalia. Nilimwambia sijawahi kutengeneza bunduki. Akanijibu kwamba huko uwandani hakuna fundi wake, na kumpelekea askari hakuna mwenye akili angefanya hivyo, na mimi ni mtoto wa nyumba.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Baba mkubwa ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufa. Maisha yake yote alikuwa mlinzi wa miche katika mradi mmoja wa kilimo. Mradi ulipofungwa, wenyewe walimwachia ile karabini ndogo pamoja na karatasi zake zenye muhuri, ili awafukuze tumbili kwenye mashamba ya majirani. Wenye mashamba sita au saba walimtegemea. Yeye hukaa kwenye kivuli cha kichuguu tangu alfajiri, karabini magotini, na watu huenda kulima mpunga ng'ambo ya mfereji wakijua mahindi yao yana mtu.

Nilipakia mfuko wangu wa vyombo nikapanda pikipiki. Karabini yenyewe isingeweza kuja kwangu, maana kwenye njia ile vizuizi ni vingi na hakuna karatasi inayotosha. Tulipita Nyakabere saa ya jua kali, mpunga umeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, na harufu yake, tamu kidogo, ya joto, ilinifuata njia nzima. Uwanda wa Ruzizi mchana unalevya. Kila kitu kinatetemeka. Ng'ombe wanaonekana wanaelea, mtu anayekuja na baiskeli anaonekana hana miguu mpaka akukaribie.

Baba mkubwa alinipokea kwa furaha, kisha akauona mfuko wa vyombo, akautazama kidogo. Huniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Wamekusumbua, mama," aliniambia. "Hii kitu imezeeka tu, kama minye mwenyewe."

Akaileta hata hivyo. Tulitandika kitenge kizee chini ya ukingo wa nyumba, nikahakikisha mara mbili kwamba hamna risasi ndani, nikaanza kuifungua. Ni karabini ya bei ya chini, kitako cha plastiki, chuma chepesi, aina ile inayojipakia yenyewe: ukishapiga, kipande cha chuma kilicho ndani hurudi nyuma kwa nguvu ya risasi, hutupa ganda nje, halafu springi hukisukuma mbele kikiwa kimechukua risasi nyingine kwenye kisanduku. Risasi zake ni ndogo, hazina kitufe katikati ya kitako kama za bunduki kubwa. Baruti ya kuwashia iko ndani ya ukingo, pembeni. Baba mkubwa alinieleza yote hayo kwa upole, kama alivyonifundisha zamani kupandikiza mipapai. Alisema mara nyingine risasi haiwaki, na ukiizungusha kidogo ukaipiga upande mwingine inawaka. Mara nyingine ganda halitoki, linasimama wima mlangoni. Mara nyingine risasi mpya inainama na kugonga chuma, inabaki hapo.

Nilipofungua ndani nilistaajabu. Palikuwa na uchafu mweusi, mgumu, uliochanganyika na ile nta inayopakwa kwenye risasi. Mafuta ya miaka yalikuwa yameganda kama asali ya zamani. Kijino kinachovuta ganda kilizama ndani ya uchafu hata nilidhani hakipo. Nilianza kukwangua kwa ncha ya njiti ya kibiriti, na nikawa natazama huku na kule bila kufikiri. Majembe matatu yalikuwa yametundikwa ukutani, mipini imepakwa mafuta, makali yanang'aa. Baiskeli yake ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na mnyororo wake ni msafi. Hata taa ya mafuta ilikuwa imefutwa kioo. Mtu huyu hawezi kulala panga likiwa na kutu. Niliona hilo, likapita kichwani kama nzi, nikarudi kwenye kazi.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Kuku walilala vumbini. Mfereji ulikuwa unasikika, kisha hausikiki, kisha unasikika tena, au labda nilikuwa nasinzia. Nilichovya vipande katika mafuta ya taa, nikavipanga kwenye kitenge kufuata mpangilio wa kuvitoa. Kilichobaki kilikuwa kile kisanduku cha risasi. Midomo yake miwili ya bati, inayoshikilia risasi mpaka iondoke, mmoja ulikuwa umepinda. Risasi ilikuwa inatoka ikiwa imeelekea pembeni, ndiyo maana inagonga. Niliurudisha kwa koleo dogo, kidogo, nikapima kwa jicho, kidogo tena. Halafu nikaivuta springi yake ipate nguvu. Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba akitazama mikono yangu. Alibaki hivyo mpaka jua lilipoanza kushuka upande wa milima ya Itombwe.

Asubuhi tulikwenda kwa chifu kwanza, kumwambia kwamba tutapiga risasi kumi kwenye kichuguu, ili habari izunguke. Kiringye mlio wowote wa bunduki, hata mdogo, unawafanya watu wafunge magodoro tayari kukimbia. Yule mama mjane alikuja pia, akasimama nyuma yetu na kitambaa chake kichwani. Baba mkubwa aliegemeza kitako begani, akapiga. Moja. Mbili. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ya pili au ya tatu ndiyo inayokwama, nikashika pumzi. Tatu, nne, maganda yakaruka upande wa kulia, madogo, ya dhahabu, yakaanguka kwenye majani yenye umande. Zote kumi zilipita bila kusita. Halafu ukawa ukimya mkubwa, na moshi mwembamba ukaenda zake juu ya mahindi.

Mjane alipiga makofi mara mbili, polepole, akasema Mungu ashukuriwe, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilimgeukia baba mkubwa nikitarajia kuona uso wa furaha. Alikuwa anatazama maganda chini. Kisha akageuka akaenda nyumbani peke yake, karabini ameishika mbali na mwili.

Nilimkuta kwenye kiti chake. Nilikaa kwenye mkeka. Nilidhani anaumwa, nikamuuliza kama moyo uko sawa. Akaniambia moyo hauna shida ya dawa. Kisha akaanza kunisimulia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea kutoka chumba kingine.

Mwaka ule alioachiwa karabini, ikiwa mpya, alimpiga tumbili jike pale karibu na kichuguu. Jike huyo alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto hakuguswa. Kundi lilikimbia, lakini baadaye likarudi, likakaa kumzunguka yule aliyekufa tangu asubuhi mpaka jua la jioni, na hawakugusa hata hindi moja. Walikaa tu. Baba mkubwa naye alikaa. Hakula siku hiyo, na siku zilizofuata chakula kilikuwa hakimwingii. Msimu uliofuata alimlenga dume aliyekuwa amekaa akimenya hindi, na karabini ikakwama. Tumbili alisikia ule mlio mdogo wa chuma, akainua macho. Walitazamana. Kisha akaondoka bila haraka.

"Siku ile nilirudi nyumbani nikalala vizuri," alisema. "Tangu hapo sikuisafisha tena, mama. Niliiacha ikwame."

Nilimuuliza kuhusu mdomo uliopinda. Akaniambia huo aliupinda mwenyewe, kwa meno ya koleo, miaka mitatu nyuma, mvua za mwanzo zilipokuja na watu wakaanza kumhimiza. Watu walipokuja kumuuliza alisema bunduki imekataa, na wao walisikitika pamoja naye.

Sehemu yangu moja ilitaka kumkumbatia. Lakini akilini nilimwona yule mama mjane na mistari yake sita iliyobaki mabua matupu, na msimu wa kabla yake, na ule mwingine. Alikuwa anakwenda mpungani akijua mahindi yana mtu. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, macho yangu yakiwa kwenye mkeka. Alijibu kwamba anajua, na kwamba hicho ndicho kinachomwamsha sasa, si tumbili tena. Halafu akaniomba jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniomba.

"Unaweza kuirudisha kama ilivyokuwa?"

Nilikataa. Nilimwambia bunduki inayofanya kazi nusu ni mbaya kuliko inayofanya na ile isiyofanya, maana siku moja risasi iliyobaki ndani itaondoka mtu akiwa mbele yake. Lakini ukweli ni kwamba sababu yangu kubwa haikuwa hiyo. Sikutaka kuwa wa pili katika uongo ule. Nilimwambia kama hataki kuua, basi asiue, hakuna atakayemlazimisha, ila amwambie mwenye mahindi. Alitikisa kichwa, akasema ni aibu kwa mtu mzima. Saa ikapita hivyo, au mbili. Joto lilikuwa limetufunika sote wawili, na nadhani nilisinzia, kwa sababu nilipofungua macho alikuwa amevaa shati lake la misa na ananisubiri nisimame.

Tulimkuta mjane anachambua maharagwe mlangoni. Alituletea viti. Baba mkubwa hakukaa. Alisimulia yote akiwa amesimama, kofia mkononi, tangu yule jike mpaka koleo. Nilitazama mikono ya mama yule. Iliendelea kuchambua, kisha ikaendelea polepole zaidi, kisha ikasimama ndani ya ungo. Sikuona hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

"Ungeniambia," alisema mwishowe. "Minye ningejilindia mwenyewe. Weye ulinifanya nilale."

Baba mkubwa alisema ni kweli. Hakujitetea. Mama yule akauliza kama yule mtoto wa tumbili aliishi. Baba mkubwa akajibu kwamba hajui, kundi lilimchukua. Mama akarudia kuchambua maharagwe, na sisi tukaelewa kwamba tumeruhusiwa kuondoka.

Wiki hiyo hiyo chifu alimwita polisi wa kituo cha karibu, na baba mkubwa akakabidhi karabini, risasi zilizobaki na zile karatasi zenye muhuri. Nilikuwa nimekwisha rudi Rugenge, akanisimulia kwa simu. Polisi alimuuliza kama inafanya kazi. Alisema ndiyo, sana. Baadhi ya wenye mashamba walimkasirikia na mmoja hakumsalimia mpaka baada ya Pasaka. Siwalaumu.

Mahindi yalipopandwa tena, alikwenda kwa mjane kabla hajaitwa. Alikuwa na ndoo ya bati na fimbo mbili. Akajenga kibanda kidogo katikati ya shamba la yule mama, si la kwake, na kila alfajiri akawa anakaa humo akipiga bati tumbili wanapotoka kwenye miti ya kando ya mto. Ni kazi ya kuchosha. Tumbili ni werevu, wanajifunza, inabidi ubadilishe mlio na ubadilishe mahali. Kwenye shamba lake mwenyewe walikula walivyotaka.

Nilikwenda kumwona wakati mahindi yalipokuwa yanakauka. Nilimkuta kibandani, amekonda, ana jua usoni, anapiga bati kwa mdundo fulani wa kanisani aliouharibu kabisa. Mjane alikuwa anavuna upande wa pili, na kila baba mkubwa alipokosea mdundo mama huyo alisikika akicheka peke yake kati ya mabua. Nililala mle kibandani kwenye majani, kichwa juu ya mfuko wangu. Mlio wa bati ulikuja na kwenda. Katikati ya usingizi nilisikia mjane akimwita aje kula, na mlio ukakoma, na nyayo za baba mkubwa zikapita karibu na kichwa changu polepole, asiniamshe.