Kicheko kwenye Kaseti ya Matanga

Baba alipofariki, mto ulikuwa umefungwa. Kati yetu na Opala, alikozaliwa, kulikuwa na askari wa pande mbili wakitazamana, na ndugu zake hawakuweza kufika Kisangani kumzika. Ndiyo maana nilichukua kamera, ileile niliyopigia filamu arusi za watu. Nilitaka baba zangu, wakubwa na wadogo, wamlilie ndugu yao siku njia itakapofunguka, na niliazimia kutowaficha kitu.

Nilifanya kazi kwa mpangilio. Katika daftari niliandika saa, nani kaingia, nani kaleta mboga ya pondu, nani kalala kwetu. Mama nilimpiga picha kila siku. Kwa desturi ya upande wa baba, mjane hukaa chini juu ya mkeka, miguu mitupu, kichwa kimefungwa, na hacheki mpaka matanga yaondolewe. Mama alikuja kutoka Kivu ya Kaskazini na biashara ya vitenge, na mjini hakuwa na ndugu hata mmoja. Aliishika desturi hiyo kuliko wenyewe.

Siku ya tatu jirani yetu alianza kusimulia habari za baba na baiskeli yake. Baba aliinunua mpya, akaogopa kuchakaza matairi, hivyo kila asubuhi aliisukuma hadi kazini na jioni akarudi akiisukuma.

"Bon, ile kinga, baiskeli yake, haikumubeba hata siku moja," jirani alisema. "Ni yeye alikuwa anaitembeza, kama bibi-arusi."

Watu waliangua kicheko. Mama naye alicheka, kisha akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Alipoanza kulia tena, nilikuwa nimeshageuza kamera kwa wengine. Na wakati jirani akisema, ndege ya kijeshi ilikuwa ikishuka kwenye uwanja wa Simi-Simi, karibu na kwetu, mngurumo wake ukameza maneno yote. Kwenye kaseti yalibaki meno ya mama.

Wiki chache baadaye nilikuwa nikiunganisha picha. Mama alikuja akasimama nyuma yangu.

"Ile fasi nilicheka, utaitoa?"

Nilimwambia hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, kwamba ndani yake baba alikuwa hai. Alirudi jikoni. Nilichukulia kwamba amekubali.

Mto ulipofunguliwa, baba mkubwa alifika na mdogo wake. Waliketi sebuleni mchana, wakala, wakaomba kaseti. Walilia kwa kweli, niliona. Kaseti ilipofika siku ya tatu ya matanga, baba mkubwa aliacha kulia.

"Rudisha."

Nilirudisha. Akataka tena. Mara ya tatu alinitazama mimi, si mama.

"Ndugu yetu iko na siku tatu mu udongo, muke wake anacheka. Na hatukuambiwa na mutu. Mutoto wake mwenyewe anatuonyesha."

Mama alieleza habari ya baiskeli. Wakamuuliza baiskeli iko wapi kwenye picha ile. Nilikimbia kumwita jirani. Alisimama mlangoni, akawatazama wageni, akasema hakumbuki utani wowote. Yeye matangani huwa anasali tu. Hakutaka kuwa mtu aliyechekesha mjane.

Waliamua kwamba mwanamke asiyemlilia mumewe hawezi kubaki katika nyumba yake. Nyumba ingerudi kwa ukoo. Nadhani waliitaka tangu walipopanda pirogi, mtumbwi uliowaleta, maana vita vilikuwa vimewaachia nguo za mwilini tu. Lakini bila kaseti wangelazimika kugombana na mama mbele ya mtaa mzima, na mtaa ulimjua. Mimi niliwapunguzia kazi. Hata ofisi ya mtaa, mama alipokwenda kulalamika, walimwomba kwanza ailete kaseti waione.

Siku ya kuhama nilitoa kamera. Nilijiambia kwamba siku moja picha hizo zitakuwa ushahidi. Baba mkubwa alikuwa ameketi barazani. Aliniomba nimtengenezee kaseti nyingine ya kupeleka Opala. Mama alitoka chumbani akiburuta godoro peke yake, jasho likimtiririka, na mimi nikawa natafuta mahali pa kusimama ili mwanga usiwe nyuma yake.

"Weka hiyo chini," alisema. "Kamata godoro."

Niliiweka sakafuni, nikashika upande wa miguuni.