Yurub atafuta cheti cha kumrudisha kazini bila kumtoa Garissa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Yurub Dagane anapanda ngazi ya chuma kuelekea kwenye paa la duka la jumla mtaani Bulla Iftin, mjini Garissa. Koleo liko mfukoni, simu ameibana ndani ya mtandio karibu na sikio, na upindo wa baibui ameufunga kiunoni juu ya suruali. Amewahi kwa sababu moja tu: ikifika saa tatu, bati hilo halishikiki.

Juu ya paa kuna antena ndogo iliyofungwa kwenye mlingoti. Upepo wa jana umeigeuza, na tangu hapo saiba iliyo ng'ambo ya barabara haina intaneti. Yurub analegeza nati, anaisogeza antena kwa kiganja, anamsikiliza mwenye saiba, Nasteha Bare, akimsomea namba kutoka kwenye kompyuta, kisha anaisogeza tena. Namba zinapopanda, anakaza nati na kushuka.

"Mikono haijasahau kazi," anasema huku akijipangusa vumbi. "Makaratasi ndiyo yamenisahau."

Yurub ana umri wa miaka 41 na watoto wanne. Kwa miaka saba alikuwa fundi wa mitandao katika shirika moja la misaada huko Dadaab, mwanamke pekee katika kikosi chao. Alipanda minara, akaunganisha ofisi na zahanati za kambini, na madereva wa malori ya maji walimzoea hadi wakawa wanampigia honi wakimwona huko juu.

Kisha mama yake, Rukiyo, akapatwa na kiharusi. Ndugu zake wa kiume wako mbali, na ingawa hutuma fedha bila kukosa, fedha hazimwogeshi mgonjwa wala kumgeuza kitandani. Yurub aliaga kazi akidhani atarudi baada ya mwaka mmoja. Ikapita karibu miaka kumi.

Alipoanza tena kuomba kazi mwaka jana, kitinda mimba wake alipoingia shule, alijibiwa kwamba cheti chake kimekwisha muda. Katika fani hiyo vyeti vingi hudumu miaka mitatu, kisha mtu hurudi kwenye mtihani.

"Kinaharibika kama maziwa, abaayo," anamwambia mwandishi wa makala haya, akitumia neno la Kisomali la kumwita dada. "Na changu kilikuwa kimeganda zamani."

Kwa sasa anafanya kazi kwenye saiba ya Nasteha kwa mshahara wa Sh18,000 kwa mwezi. Anachapisha barua, anawajazia wanafunzi maombi ya vyuo, na majirani wakikatikiwa na mtandao wanajua pa kumpata.

Ugumu ulikuwa ni cheti kipi. Alipofungua intaneti kutafuta ushauri, alikuta vyeti vya kila rangi: vya mitandao, vya usalama wa kompyuta, vya kuhifadhi data kwenye seva za mbali. Kila aliyevitangaza aliapa kwamba chake ndicho kinachotakiwa duniani. Anasema alijiona kama mtu aliyerudi sokoni baada ya miaka kumi, anaulizia sukari, anaonyeshwa vitu asivyojua hata vinaliwaje.

Binamu yake Mustaf, anayefanya kazi katika idara ya kompyuta ya benki moja jijini Nairobi, hakuwa na shaka yoyote. Alimwambia achukue usalama wa kompyuta, kwamba huko ndiko mishahara iliko, na mambo ya kupanda paa awaachie vijana.

Yurub akamsikiliza. Ukimuuliza kwa nini, hajizungushi. "Mustaf ana gari," anasema, na Nasteha nyuma ya meza anacheka mpaka anaweka kikombe chini.

Alisoma kwa miezi sita, kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Ada ya mtihani ilizidi mshahara wake wa miezi miwili, na aliilipa kwa akiba yake yote. Kwa kuwa hakuweza kumwacha mama yake alale peke yake, hakwenda kwenye kituo cha mtihani Nairobi. Alichagua kuufanya mtihani nyumbani, msimamizi akimtazama kupitia kamera ya kompyuta.

Masharti ya mtihani wa aina hiyo ni makali. Chumba kiwe na mtu mmoja. Pasisikike sauti ya mtu mwingine. Mtahiniwa asiongee wala asichezeshe midomo, isije ikawa anamsomea mtu maswali.

Yurub alijipanga kwelikweli. Aliomba msimamizi mwanamke, ili aweze kusogeza mtandio na kuonyesha kwamba masikioni hana kifaa. Aliazima betri kwa ajili ya umeme ukikatika. Mbuzi wa jirani walifungiwa upande wa pili wa boma, na Nasteha akaja kukaa na mgonjwa. Saa aliyoichagua ilikuwa tano na nusu, watoto wakiwa shuleni na mtaa umetulia.

Kitu kimoja tu hakikumpitia akilini. Msikiti uko nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Nilifikiria kila kelele," anasema. "Lakini adhana si kelele. Ningeihesabuje?"

Alikuwa amevuka nusu ya maswali, na mengi anayajua, kipaza sauti cha msikiti kilipofunguka. Maandishi yakatokea kwenye skrini yakimuuliza ni nani anayezungumza. Akaandika upesi kwamba ni mwito wa sala kutoka msikitini, utakwisha sasa hivi. Msimamizi akamwambia aendelee.

Akaendelea. Na huku macho yake yakisoma swali, midomo yake ikafanya ilichofanya tangu utotoni adhana inaposikika: ikaitikia. Muislamu anayesikia mwito huo hurudia maneno ya mwadhini kwa sauti ya chini, na Yurub amefanya hivyo jikoni, kitandani akiuguza, hata juu ya minara ya Dadaab. Hakujua kwamba anaitikia hadi skrini ilipofungwa na kuandikwa kwamba mtihani wake umesitishwa.

Aliandika barua pepe kujieleza. Majibu yalikuja siku ya pili, ya adabu na mafupi: masharti ni masharti, ada hairudishwi.

Siku ile ya mtihani aliinuka, akatawadha, akasali adhuhuri, na ndipo akalia. Nasteha anakiri kwamba aliposimuliwa alianza kwa kucheka, na akajuta alipomwona rafiki yake usoni. Miezi sita ya kuamka mapema ilikuwa imekwenda na maji.

Aliyemtuliza ni mama yake, na hakumtuliza kwa kumpa pole. Rukiyo hainuki kitandani, lakini ulimi wake haukuguswa na ugonjwa. Kwa Kisomali, alimwambia binti yake kwamba mtu aliyeitikia adhana hana cha kujutia, kisha akamuuliza swali: kama angefaulu, hiyo kazi ya usalama wa kompyuta iko wapi?

Yurub alijibu kwamba kazi hizo ziko Nairobi.

"Basi ulikuwa unasoma ili uende," mama akasema. "Ungeniambia, nikuombee safari."

Yurub anasema maneno hayo yalimkata kuliko mtihani wenyewe. Mama hakuwa na kinyongo, angempa ruhusa siku hiyohiyo, na hapo ndipo palipomuuma. Miezi sita alikuwa amesomea kazi ambayo asingeweza kuifanya bila kuondoka kando ya kitanda hicho, na hakuwahi kujiuliza. Alitaka kurudi kazini. Kuhama hakutaka hata kidogo.

Wiki iliyofuata alifanya jambo ambalo, kwa maoni yake, lingepaswa kuwa la kwanza. Aliacha kuuliza cheti gani kina soko duniani, akaanza kuwauliza watu wa kwao ni kitu gani huwaharibikia hadi wangoje fundi kutoka Nairobi. Alizunguka ofisi kadhaa za Garissa. Alipiga simu kwa zahanati moja ya Balambala na nyingine ya Masalani.

Majibu yalikuwa ya watu wanaoishi mahali pamoja. Upepo umegeuza antena. Mvua zimenyesha, mathenge, ule mti wa miiba, imeota mbele ya mlingoti na mtandao umekufa. Mbuzi wamekula waya. Joto limeua betri.

Warsame, aliyekuwa mkuu wake Dadaab na ambaye bado yuko huko, alimchekesha kwenye simu. "Yurub, huku nani ataiba siri yetu? Hata mtandao ya kubeba hiyo siri hakuna," alimwambia. Kisha akampa habari iliyomtoa usingizini: kuna shirika linalojiandaa kuunganisha zahanati za kaunti hiyo, nalo litaajiri fundi mkazi wa Garissa. Usaili ni mwezi ujao. Sharti ni cheti cha mitandao ambacho hakijaisha muda.

Ndicho cheti kilekile alichokuwa nacho zamani, kile ambacho Mustaf alikiita cha kizamani.

"Nilifurahi mpaka nikaogopa," anasema.

Ada ya mara ya pili ilitoka kwenye ayuuto, chama cha akina mama wanaochanga kila mwezi na kupokezana. Zamu ilikuwa ya Nasteha, aliyekusudia kununua friji ya saiba. Alimwachia Yurub, kwa maelezo kwamba watu wa Garissa wamekunywa soda ya moto miaka yote na hakuna aliyekufa.

Mustaf bado anaona binamu yake anarudi nyuma. Yurub hagombani naye. Anasema Mustaf hakumdanganya, alimweleza soko la Nairobi kwa sababu ndilo analolijua, na ipo siku naye atasomea usalama, akishapata kazi. Kwanza apande paa.

Safari hii tena mtihani ataufanya chumbani kwake, Jumatatu ijayo. Habari za ule wa kwanza zilikwisha kuzagaa mtaani, na Mzee Hamze, mwadhini wa msikiti ule, hazikumkalia vizuri. Siku moja alikuja saibani, akasimama mlangoni na fimbo yake, akatoa salamu.

"Mimi naweza kufunga sbika ya msikiti siku hiyo," alimwambia. "Nitaadhini na mdomo tu. Wewe fanya mtihani yako."

Yurub alimkaribisha kiti, akamshukuru, akakataa.

"Hapana, adeer," alimjibu, kwa neno la heshima wanalomwitia baba mdogo. "Adhana ina saa yake. Mtihani ndio utatafuta ya kwake."

Ameuweka saa mbili asubuhi. Mambo yakienda sawa utakuwa umekwisha kabla ya saa nne, adhuhuri ikiwa bado mbali na msikiti ukiwa kimya. Cheti hicho akikikosa, usaili utapita bila yeye, na hajui kazi nyingine ya aina hiyo itatokea lini Garissa. Anayasema haya bila kujificha, huku akitafuta koleo, kwa sababu mwenye duka la dawa amekwisha kuja mara mbili kulalamika kwamba hana mtandao.

Anaulizwa atafanya nini Jumatatu akimaliza.

"Nitampa mama uji wake, nikae hapo kando yake tusubiri adhuhuri," anasema. "Adhana ikitoka nitaitikia kwa sauti, mpaka Mzee Hamze anisikie. Niwe nimefaulu au nimeanguka."